Nyumba ya mirathi Mji Mkongwe: tuitengeneze, tuikodishe au tuibomoe?

Mjukuu wa Kiponda

Assalaam aleikum. Ninaomba ushauri kuhusu nyumba ya marehemu babu yangu mzaa mama iliyopo Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo kwa mwaka mzima sasa imewagawa warithi wake kiasi kwamba hata simu za Idi zimekuwa fupi kuliko zamani.

Nyumba yenyewe ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene unaozidi nusu mita, dari ni za boriti, na katikati kuna ua mdogo ambao zamani ulikuwa wazi kwa mvua na jua, lakini tangu nikiwa mtoto umefunikwa kwa mabati. Masika ya mwaka jana, usiku, baada ya mvua ya siku tatu, dari ya chumba cha nyuma cha ghorofa ya juu iliporomoka. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu chumba hicho kilikuwa kimegeuzwa stoo na hakuna aliyelala humo. Tangu hapo ukuta wa nyuma umetoa ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha la juu na kuteremka hadi ghorofa ya kwanza, na mahali pengine ni mpana kiasi cha kuingiza vidole viwili. Plasta ya saruji ambayo wajomba waliipiga nje na ndani yapata miaka ishirini iliyopita, kwa nia njema ya kuipa nyumba nguvu, inabanduka vipande vikubwa kama maganda ya muhogo, na nyuma yake kuna unga mweupe ambao niliuonja nikakuta ni chumvi.

Warithi ni kumi na mmoja: wanne tupo Unguja, wawili Dar es Salaam, watatu Muscat na wawili Uingereza. Walio Muscat wanataka tuibomoe nyumba na kujenga ya zege yenye ghorofa nne ili tuipangishe. Mjomba wa Dar es Salaam amemleta mwekezaji anayetaka kuikodi kwa miaka 25 na kuigeuza nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, kila kimoja na choo na bafu lake, na ahadi yake ni kwamba gharama zote za ukarabati atazibeba mwenyewe. Mama yangu na mjomba mkubwa, ambao ndio wanaoishi chini hadi leo, hawataki kuhama kwa hali yoyote, na mama husema waziwazi kwamba kama ni kutoka, atatolewa na jeneza.

Ninaomba wenye uzoefu wanieleze mambo matatu. Je, nyumba iliyofikia hali hii bado hutengenezeka, au tunajidanganya? Je, sheria inaturuhusu kubomoa na kujenga tunavyotaka kwa kuwa ni mali yetu na hati tunayo? Na je, kuikodisha kwa mwekezaji ni kuiokoa au ni kuiuza kwa jina jingine?

Fundi Chokaa

Waaleikum salaam. Mimi ni fundi wa nyumba za mawe, nilianza kwa kubeba karai nikiwa kijana na sasa nina wanafunzi wangu mwenyewe, kwa hiyo nitajibu swali lako la kwanza peke yake na hayo mengine nitawaachia wanaoyajua.

Kabla hamjazungumza kubomoa wala kukodisha, tafuteni maji yanaingilia wapi. Uliposema ukuta una chumvi na plasta inabanduka, tayari umeeleza ugonjwa, na uliposema dari iliyoanguka ni ya nyuma, nina karibu hakika kwamba ama bafu liko upande huo, ama mchirizi wa mabati ya ua unamwaga huko. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe yaliyoshikwa na chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu, na mchanganyiko huo ukikaa mkavu huvumilia karne, ila ukilowa mfululizo ule udongo wa ndani hurudi kuwa tope na mawe hubaki yamesimama bila cha kuyashika.

Sasa fikiria boriti. Miti ya mikoko ina urefu wake, na ndiyo maana vyumba vyote vya nyumba zenu ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita tatu hivi au pungufu, kwa sababu mjenzi alikuwa anapima chumba kwa boriti aliyoletewa. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa na maji, boriti huoza kule ndani usikokuona, huku katikati yake, unapoitazama ukiwa umelala chali, ikionekana nyeusi na ngumu kama chuma. Chukua bisibisi au msumari wa inchi sita, panda ngazi, uchome pale hasa boriti inapoingia ukutani. Ikikataa kuingia, shukuru. Ikizama kama kwenye mkate, basi boriti hiyo imebaki kwa mazoea tu. Fanya hivyo kwa kila boriti, chumba kwa chumba, na uandike idadi kwenye karatasi, kwa maana warithi kumi na mmoja watabishana na maneno lakini ni vigumu kubishana na hesabu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: boriti hazibebi sakafu tu, bali huzishika pia kuta mbili zisiachane. Zikikatika ncha, ukuta wa nje huanza kuegemea nje polepole, na hapo ndipo unapoona ufa wa namna uliyoeleza, mpana juu na mwembamba chini. Ili kujua kama bado unatembea, bandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa plasta kidogo kila upande, andika tarehe ukutani kwa penseli, kisha subiri. Kioo kikikaa kizima kiangazi na mvua zote, ufa ni wa zamani na umetulia. Kikipasuka, ukuta unaondoka.

Kuhusu saruji waliyopiga wajomba, sitawalaumu, kwa sababu wakati ule kila mtu alifanya hivyo na hata sisi mafundi tulilipwa kufanya hivyo. Chokaa hupitisha unyevu ukapanda kutoka ardhini na kutoka nje ukakauka kwa upepo. Saruji huufungia ndani, na unyevu usio na njia hupanda juu zaidi, ukibeba chumvi hadi kwenye ncha za boriti ambazo usingezifikia kamwe. Itoeni plasta hiyo kidogo kidogo kwa patasi na nyundo ndogo, msilete mashine, na mkishaitoa uacheni ukuta uchi kiangazi kizima. Utaonekana vibaya na majirani watasema, waacheni waseme.

Ndipo ipigwe plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga ulioondolewa chumvi, na chokaa hiyo iwe imezimwa kwa maji na kukaa shimoni miezi kadhaa hadi iwe laini kama siagi. Chokaa ya haraka, inayozimwa Jumatatu na kupigwa Jumatano, itawapasukia, kwani punje ambazo hazijaiva huendelea kufumka ndani ya ukuta. Plasta ikishapigwa lazima ifunikwe kwa magunia na kunyunyiziwa maji kwa siku nyingi, maana chokaa haigandi kwa kukauka, huganda kwa kuvuta hewa ya ukaa pole pole, na jua kali la mchana huikausha kabla haijapata nafasi hiyo.

Na leo hii, kabla ya yote, kama kuna tangi la maji juu ya paa, lishusheni. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na nimeona zaidi ya mara moja limewekwa katikati ya boriti zenye umri wa miaka mia na zaidi.

Mkaazi wa Ng'ambo

Nitasema lisilopendwa. Ndugu zako wa Muscat wana hoja, na haifai kuwaita wasaliti wa urithi kwa sababu wanataka nyumba isiyowaangukia wazazi wao.

Nilikulia Mji Mkongwe katika nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe sitamtaja. Veranda yetu ya mbao ilianguka mchana, watoto wakiwa shuleni, na kwa miaka minne iliyofuata tuliishi na mlango unaofunguka hewani, ukizuiwa kwa kamba ya katani, huku kila aliyekuja kutuona akituambia kwamba hairuhusiwi kuweka ya chuma kwa sababu itaharibu sura ya mtaa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja na ubao. Wageni walisimama chini na kuipiga picha ile kamba.

Nikitazama upande wetu wa pili wa Darajani, yaani Ng'ambo, najiuliza mbona huku hapakuwa na huzuni ya aina hiyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za udongo na makuti za Ng'ambo zilivunjwa ili kupisha majumba ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na watu waliohamishiwa humo walipata maji ya bomba na umeme. Nyumba zilizovunjwa nazo zilikuwa na mabaraza, na majina, na mabibi waliozaliwa humo. Tunaita urithi kile kilichojengwa na matajiri kwa mawe, kisha gharama ya kukitunza tunawaachia wajukuu wao waliofilisika na wapangaji wao.

Kama mama yako anaweza kupewa nyumba imara, kavu, yenye choo cha kukalia asichohitaji kupanda ngazi kukifikia, sioni dhambi ya zege.

Msanifu wa Pwani

Ndugu Mkaazi wa Ng'ambo ameandika ukweli ambao sisi wa fani hii huwa tunaukwepa kwenye semina, na mfano wake wa Michenzani ni wa haki. Hata hivyo ushauri wake utamwingiza Mjukuu katika hasara, na nitaeleza kwa nini, nikijibu swali la pili.

Mji Mkongwe si mtaa ambao mwenye hati anajenga apendavyo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, sheria inayoiongoza sasa ni ya mwaka 2010, na tangu mwaka 2000 mji wote umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ujenzi, ukarabati na ubomoaji vyote vinahitaji kibali cha Mamlaka, na baadhi ya majengo yamepangiwa daraja linalolinda hata yaliyomo ndani. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ofisini ni kuuliza nyumba yenu iko daraja gani. Hata pale jengo linapokuwa limebomoka lenyewe, msitegemee kuruhusiwa kuinua zaidi ya kimo cha majirani. Ndoto ya ghorofa nne za kupangisha, ambayo ndiyo hesabu nzima ya ndugu zako wa Muscat, naona imejengwa juu ya kibali ambacho hakuna aliyekiona. Mtabomoa ghorofa mbili za mawe na mtabaki na kiwanja kitupu kinachoota mipapai, na viwanja vya namna hiyo mjini humo mnavijua.

Kuna pia suala la majirani. Nyumba za Kiponda zimebanana, na nyingi zinaegemeana. Ukiondoa moja, ukuta wa jirani ambao kwa vizazi vingi haukuwahi kupigwa na mvua unajikuta uko nje. Kifusi nacho hakitoki kwa lori, kwa sababu lori haliingii kwenye vichochoro hivyo. Kitatoka kwa mkokoteni, safari kwa safari, na gharama ya safari hizo sijaiona katika bajeti ya mtu yeyote anayetaka kubomoa.

Kwa wasomaji wa Bara niongeze kwamba hali yetu ni tofauti, na kwa namna fulani ni mbaya zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na yaliyokuja baadaye hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi. Tarehe hiyo inayaacha nje majengo yote ya Wajerumani, na inaliacha nje hata Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa wakati wa Sultani Seyyid Majid mnamo 1866 na 1867, yaani karibu jengo kongwe kuliko yote katikati ya jiji hilo. Boma hilo lilinusurika, likakarabatiwa, na leo lina kituo kinachoeleza historia ya usanifu wa jiji. Mengi ya rika lake hayakupata bahati hiyo, na waliopita Barabara ya Samora miaka thelathini iliyopita na wakapita tena leo hawahitaji niwaeleze.

Sasa nigeukie hatari ambayo Fundi Chokaa hakuitaja waziwazi. Beit-al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883 na kustahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896, iliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wake wa saa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafariki. Ilianguka ikiwa katika ukarabati. Jengo lile lina nguzo za chuma na veranda pana, na halifanani na nyumba ya Kiponda, lakini linatufundisha kuogopa siku tunapoanza kazi kuliko miaka tuliyokaa bila kuifanya. Jengo bovu hujipatia mizani yake ya ajabu, mzigo ukipita mahali ambapo mjenzi hakukusudia, na ukiondoa ubao mmoja tu bila kujua unabeba nini, mizani hiyo inavunjika. Kwa hiyo msiguse ukuta wa nyuma kabla ya kuegemeza sakafu, na nguzo za kuegemeza zisiishie kwenye sakafu ya ghorofa ya kwanza kama nilivyokuta mara nyingi. Zipangwe moja juu ya nyingine, chumba juu ya chumba, hadi ardhini. Mwiteni mhandisi wa miundo aliyewahi kugusa matumbawe, si yule anayejua zege peke yake, maana huyo wa pili atawaambia mbomoe kabla hajavua viatu.

Mjukuu wa Kiponda

Ninawashukuru sana. Leo nimepanda na bisibisi. Katika chumba cha nyuma cha ghorofa ya kwanza kuna boriti 19, na katika saba upande wa ukuta wa nje bisibisi imeingia hadi kwenye mpini. Vyumba vya mbele vyote ni vizima isipokuwa boriti moja. Tangi lipo, na liko juu ya chumba kilichoanguka. Kaka yangu analishusha kesho.

Swali la tatu bado linanisumbua, kwa sababu mwekezaji amepiga simu tena na anataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Binti wa Amu

Mwanangu, naandika kutoka Lamu, ambako mji wetu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 na ambako habari hii ya mwekezaji tumeianza mapema kuliko ninyi. Nitakueleza ya nyumba yetu ya Mkomani bila kumtaja aliyehusika.

Tuliikodisha kwa miaka kumi. Mkataba ulisema mpangaji "atatengeneza nyumba", na maneno hayo mawili ndiyo yaliyotutia hasarani, kwa sababu hayakusema atengeneze nini, kwa vifaa gani na kwa idhini ya nani. Alitengeneza kwelikweli. Alipaka kuta zote nyeupe, akazisafisha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zikang'aa, na juu ya paa akaongeza ukumbi wa makuti na birika la kuogelea. Birika lile halikuwa kubwa, watu wanne wangekaa humo kwa kubanana, lakini mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, na hilo lilikuwa na mita tano. Mwaka wa sita msana wa juu, yaani ukumbi mrefu wa ndani, ulianza kupinda. Mwaka wa nane aliondoka akatuachia funguo kwa jirani.

Kwa hiyo ninapoona mwekezaji wako anataka vyumba vinane na mabafu manane, sihoji uadilifu wake, nahoji mabomba yake. Nyumba hizi zilikuwa na choo kimoja au viwili, vikiwekwa pembeni kwa makusudi ili maji yasipite juu ya boriti. Mabafu manane maana yake ni mabomba manane ya kuleta maji na manane ya kuyatoa, yakipasua kuta na kulala ndani ya sakafu za chokaa, na bomba moja likivuja tone kwa tone chini ya vigae hakuna atakayejua mpaka dari iote ukungu. Mkubalieni mabafu matatu, moja juu ya jingine katika kona moja yenye ukuta imara, na mabomba yapite nje ya ukuta yanakoonekana, hata kama hayapendezi. Akikataa, basi si nyumba anayoitaka, anataka anwani.

Nitasema pia jambo la mirathi, ambalo wanaume huwa wanalikimbia. Warithi kumi na mmoja bila msimamizi mmoja aliyeandikwa hawawezi kutengeneza hata mchirizi. Sisi tulikwenda kwa kadhi, tukaweka wasimamizi wawili, mmoja anayeishi hapa na mmoja wa nje, na tukaandika kwamba kila mwenye kutoa pesa za ukarabati anaidai nyumba, atalipwa kutokana na kodi kabla ya mgao, lakini fungu lake la mirathi halikui wala la mwenzake halipungui. Siku hiyo ndiyo ndugu zetu wa ng'ambo walianza kutuma pesa. Hapo awali hawakuwa wachoyo, walikuwa wanaogopa kwamba mwenye kutengeneza ataamka siku moja aseme nyumba ni yake.

Si lazima mchague kati ya mwekezaji na mama. Ghorofa ya chini ibaki ya mama na mjomba, iandikwe hivyo kwenye mkataba kwa herufi kubwa, na ya juu ikodishwe kwa miaka saba au kumi, si 25, kwa sababu katika miaka 25 wote tunaogombana leo tutakuwa tumezikwa na watoto wetu hawatajua walichokikodisha. Kila mwaka baada ya masika, msimamizi apewe haki ya kuingia na kukagua paa. Na picha zipigwe za kila chumba kabla ya kutoa funguo, pamoja na mlango wa mbele, kila kipande cha nakshi, maana milango imeshawahi kutoka nyumbani usiku ikarudi si ile.

Mkaazi wa Ng'ambo

Bibi, hilo la kuigawa nyumba chini na juu sikulifikiria, na ninakubali kwamba ni bora kuliko nililosema mimi. Ninaongeza ombi moja: choo cha mama kiwe cha kwanza kutengenezwa, kabla ya nakshi.

Msanifu wa Pwani

Ninaunga mkono yote mawili, na ninatoa tahadhari ndogo kuhusu kugeuza matumizi. Yapo majengo mjini humo yaliyogeuzwa vizuri. Zahanati ya Kale ya pale bandarini, iliyoanza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara tajiri Tharia Topan, ilikarabatiwa katika miaka ya 1990 na ikabaki na veranda zake za mbao zilizochongwa. Upande wa pili kuna Mambo Msiige ya Shangani, iliyogeuzwa hoteli kubwa na kuongezewa jengo jipya ubavuni, jambo lililoleta mvutano na UNESCO uliodumu miaka. Tofauti niionayo ni kwamba zahanati ilitafutiwa kazi inayotosha ndani ya ukubwa wake. Mwekezaji akikuonyesha michoro, tazama kwanza kama kuna mstari wowote unaotoka nje ya kuta zilizopo.

Mjukuu wa Kiponda

Ninarejea na habari baada ya wiki tano, kwa kuwa mlinitendea wema na si vizuri kuwaacha mkining'inia.

Tumetoa plasta ya saruji kwenye ukuta wa nyuma, upande wa ndani, mita mbili za kwanza kutoka kona. Nyuma yake tumekuta bomba la plastiki ambalo hakuna mrithi anayekumbuka kuliweka, linatoka kwenye tangi la juu na kuishia ndani ya ukuta bila kufika popote, likiwa limezibwa kwa kipande cha nailoni na mpira. Mjomba mkubwa aliketi kwenye ngazi akalitazama muda mrefu, kisha akasema kwamba mwaka fulani alitaka kuwawekea watoto bafu la juu, pesa zikaisha, akasahau. Udongo uliozunguka bomba hilo ulikuwa unatoka kwa mkono.

Mamlaka wametuambia tulete ombi la kibali cha ukarabati, na kuhusu ghorofa nne afisa alicheka kwa adabu. Nimemtumia binamu wa Muscat picha ya bomba pamoja na hesabu ya boriti. Hajakubali, lakini ameuliza boriti mpya zinauzwaje, jambo ambalo kwa tabia yake ni hatua kubwa. Tarehe ya kwenda kwa kadhi imepangwa. Mwekezaji hakupenda habari ya mabafu matatu na amekaa kimya.

Nina swali moja kwa Fundi Chokaa. Nilibandika vioo viwili juu ya ufa, kimoja ghorofa ya kwanza na kimoja juu karibu na dirisha. Cha chini ni kizima. Cha juu kilipasuka usiku wa kuamkia Alhamisi, ingawa mvua haikunyesha.

Fundi Chokaa

Mlipotoa plasta, ukuta uliondolewa kitu ulichokuwa umekiegemea, hata kama kilikuwa kibovu, ndiyo maana. Sitishieni utoaji wa plasta hapo mlipofika. Mama na mjomba walale chumba cha mbele kuanzia usiku huu, na mtoto yeyote asipite kwenye kichochoro cha nyuma. Nitafika kesho baada ya Alasiri na nguzo nane. Kioo kilichopasuka msikitoe, na kipya mkibandike pembeni yake, mkiandika na saa.